Mchanga Uliooshwa Chemchem

Magomeni, Dar es Salaam
11 Februari 2024

Dada Adelina,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa barazani kwa mwenye nyumba wangu, Bi Zuwena, ambaye anakusalimu ingawa hamjawahi kuonana. Mimi mzima, ila joto la mwaka huu limetukalia kifuani. Baba mdogo Masolwa alinipata kwenye simu kutoka Ziba. Anasema mvua imemfaa na ng'ombe wana majani, lakini mgongo wake haumruhusu tena kuwafuata. Mama naye vipi? Miguu imepungua kuvimba? Msalimie sana, mwambie kitindamimba wake anamkumbuka.

Utashangaa kuona barua. Nikikupigia hupokei, na simu yangu mwenyewe siku hizi inanichosha. Kwenye karatasi bado naelewana na mambo.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Hoteli imepata wenyewe wapya. Lile tangi la samaki wa bahari pale mapokezi, ambalo nimelitunza tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, linang'olewa, patawekwa viti. Samaki wengi wameshachukuliwa. Wamebaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, dume na jike, ambao nimewalea tangu wakiwa wadogo kama ukucha. Hao nimepewa mimi. Nimeishi nao muda mrefu kuliko nilivyoishi na mke.

Nataka kurudi nyumbani, dada, nije nao. Naomba kile chumba cha uani. Na naomba jingine ambalo litakuchosha. Tangi haliwezi kungoja mpaka nifike. Lazima lisimame na maji yake ya chumvi na mchanga wake kwa wiki nyingi kabla samaki hajatiwa, la sivyo anakufa kwa uchafu wake mwenyewe. Itabidi uanze wewe, na kazi inaanzia chini, kwenye mchanga. Ukikubali nitakueleza.

Mdogo wako,
Sixbert

Chemchem, Tabora
3 Machi 2024

Mdogo wangu Sixbert,

Marahaba. Barua yako niliichukua ofisi ya mabasi, imekunjamana lakini inasomeka. Sisi tupo. Marcelina wangu amehamia Mwanza na mumewe, amenitumia picha ya nyumba waliyopanga, ina maji ndani. Mama anakula, analala, anaamka. Miguu ni ileile. Anakusalimu.

Simu yangu ina kasoro, usihangaike nayo. Andika tu.

Chumba cha uani kina magunia ya mahindi na kitanda cha marehemu kaka Zablon. Nitahamisha. Sitasema nafanya kwa furaha. Nilistaafu ukunga nikidhani nitapumzika, kumbe nilikuwa nabadilisha zamu. Lakini nyumba ni ya mama na wewe ni mwanawe, siwezi kukwambia usije.

Ila nieleze jambo moja. Mchanga hapa upo. Lugembe seremala, niliyemwagiza meza ya kuwekea tangi, ana lundo zima mbele ya karakana, ameniambia nizoe bure. Kwa nini tusafirishe mchanga kutoka Dar kuuleta kwenye mji ambao mchanga unaingia mpaka kwenye ugali? Lugembe alicheka akasema, "Mama Marcelina, zamani watu walipita hapa na mizigo kichwani kuifuata pwani. Leo pwani inakufuata wewe kwa basi."

Sikucheka sana. Nilikuwa nimetoka kufua mashuka ya mama.

Dada yako,
Adelina

Magomeni
2 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Mwambie Marcelina nimefurahi. Huku mvua za masika zimeanza, barabara yetu imekuwa mfereji. Samahani kwa maandishi makubwa, nimenunua kalamu nene.

Mchanga wa Lugembe uache hapo hapo. Mchanga wa huko ni jiwe gumu lililosagika, hauyapi maji chochote, na zaidi ya hayo una chembe za chuma. Chuma kikikaa kwenye maji ya chumvi kinaota kutu, na maji yanakuwa sumu. Tunataka mchanga uliotokana na matumbawe na makombe. Huo una chokaa ndani yake, unayeyuka kidogo kidogo na kuyazuia maji yasigeuke makali. Na usimtume mtu auzoe ufukweni. Kwanza hairuhusiwi, pili unakuja na kila takataka. Nimenunua dukani.

Kuujua si kazi. Weka kijiko kimoja kwenye kikombe, mwagia siki. Ukichemka na kutoa povu, ni wenyewe. Ukinyamaza, si wenyewe.

Punje ziwe kama za sukari. Zikiwa kama unga zitapeperuka na kuingia kwenye pampu kila maji yakitikisika. Zikiwa kubwa kama mahindi, mabaki ya chakula yatadumbukia katikati na kuoza mahali usipofikia. Unene wake tangini usizidi vidole viwili. Ukiwa mnene sana, chini unakosa hewa, unakuwa mweusi na kunuka yai viza.

Ukishaupima, uoshe. Beseni, maji, koroga kwa mkono, mwaga yale meupe kama maziwa, tia mengine. Utadhani hayaishi. Yanaisha. Usitie sabuni hata tone. Halafu uanike juani. Mawe yatatangulia tangini, yakae juu ya kioo chenyewe, ndipo mchanga uyazunguke. Ukianza na mchanga, samaki wakichimba chini mawe yataanguka na kuvunja kioo.

Nimekutumia mifuko miwili kwa basi, pamoja na ndoo ya chumvi maalumu. Yote nimechagua kwa mkono wangu.

Msalimie mama.

Sixbert

Chemchem
5 Mei 2024

Sixbert,

Marahaba. Mvua huku imekata mapema, wenye tumbaku wanalia. Mizigo imefika. Kioo amekitengeneza fundi wa mjini, Lugembe amemaliza meza, imara ya kubeba ng'ombe. Chumba nimekisafisha.

Nimefanya kama ulivyosema. Mfuko wa kwanza nilimwagia siki ukachemka kama soda. Mfuko wa pili ulikaa kimya. Nikadhani siki imekwisha nguvu, nikafungua chupa nyingine. Kimya. Nikaumwaga juu ya kitambaa cheupe mlangoni. Sixbert, ule ni mchanga wa kujengea. Ni wa rangi ya kahawia, una vipande vya tofali na msumari mmoja. Nilipitisha sumaku ya spika mbovu ya kaka Zablon, ikatoka na ndevu za chuma. Kuujua hakukuhitaji siki wala sumaku. Mtu yeyote akiutazama anaona.

Nimeurudisha? Hapana, nimejazia shimo la uani.

Mfuko mzuri naendelea kuuosha. Siku ya kwanza mama alitoka na fimbo yake, akanisimamia, akaniuliza kwa Kinyamwezi naosha ulezi wa nani. Nikamwambia si ulezi. Akaagiza kigoda. Akaingiza mikono kwenye beseni mpaka kwenye viwiko, akakoroga, akaacha utulie, akamwaga, bila kumwaga hata punje. Akachovya kidole akaonja, akatema. "Bado una chumvi," akasema. Tangu hapo kila baada ya uji anadai beseni lake. Akiwa kwenye mchanga haulizi maswali na hagombani na mimi. Nimepata nafasi ya kukaa na kunywa chai ikiwa bado ya moto. Mchanga ulishatakata zamani, lakini simwambii.

Sasa nikuulize. Nimezalisha wanawake kwa taa ya kandili, najua mtu akifanya kazi kwa kupapasa. Mistari yako inapanda juu kama njia ya mbuzi. Mahali pawili umeandika neno juu ya neno. Kalamu nene imeanza lini? Macho yako vipi?

Adelina

Chemchem
21 Julai 2024

Sixbert,

Mei imepita, Juni imepita. Niliazima simu ya Lugembe nikakupigia, ikaita mpaka ikakata. Baba mdogo Masolwa naye hajakusikia.

Kama nilikukosea kwa kuuliza, basi nimekukosea. Lakini sitarudisha swali.

Huku baridi kali asubuhi, vumbi mchana. Mama ana kikohozi, kinapungua. Nimejaza tangi. Nilitanguliza mawe, nikayazungushia mchanga, nikamwaga maji polepole juu ya sahani ili usitibuke. Ukatibuka hata hivyo. Chumba kizima kilikuwa na tangi la uji. Nikaliacha na pampu yake ikinguruma, nikaenda kanisani. Kesho yake bado uji. Keshokutwa nikamwona Lugembe upande wa pili wa kioo, kwanza shati, halafu sura.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Adelina

Magomeni
9 Agosti 2024

Dada Adelina,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa Bi Zuwena. Yeye anaandika, mimi nasema, na amekula yamini kuandika ninachosema tu.

Hukunikosea. Nilikasirika kwa sababu uliona kutoka Tabora kitu ambacho watu ninaopanga nao nyumba hawakukiona.

Ni presha ya macho. La kushoto limeshakwenda. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari anasema lililopotea halirudi, ila upasuaji unaweza kulinda lililobaki. Ni kweli hoteli imepata wenyewe wapya, na ni kweli tangi limeng'olewa. Lakini wangeniacha kwenye kazi nyingine kama ningekuwa naona. Ule mchanga wa pili ulikuwa stoo ya hoteli, kando ya ule nilionunua. Niliupapasa, nikauona sawa. Sikujua mpaka uliponiandikia. Nilikaa na barua yako siku nzima.

Kwa hiyo nimebadili shauri. Siji. Samaki kuna kijana wa Mikocheni anawataka. Tangi hilo utoe maji, kioo kiuze. Una mgonjwa mmoja tayari, dada, sitaki kukuletea wa pili mwenye samaki.

Nimefurahi mama anaosha mchanga. Usimwambie kwamba chumvi anayoitoa ungeirudisha mwenyewe kwenye maji.

Jambo moja. Barua ya Februari nilimsalimia mama, ukajibu ananisalimu. Barua ya Mei hukuandika hivyo, wala ya Julai. Bi Zuwena amezisoma tena nikisikiliza. Hakuna. Mama ana nini?

Sixbert

(Mimi Zuwena naongeza bila ruhusa yake. Juzi amejikwaa kwenye mfereji akaumia goti. Hali yake hapa, peke yake, si nzuri.)

Chemchem
18 Agosti 2024

Sixbert,

Marahaba. Ahsante Bi Zuwena, kwa mwandiko na kwa ulichoongeza.

Nitakwambia, maana wewe umeanza kusema kweli.

Simu yangu haina kasoro. Niliizima sauti. Taarifa ya kifo cha kaka Zablon ilikuja kwa simu, unakumbuka, mama akiwa karibu yangu. Tangu wakati huo simu ikilia anaanza kuomboleza, na anaomboleza kweli, mpaka majirani wanakuja na khanga viunoni. Halafu mambo yalimchanganyikia. Zablon na wewe mmekuwa mtu mmoja kichwani mwake, kisha mkawa wawili tena, na wote mmekufa. Anasema wanawe wa kiume wamekwisha. Mwanzoni nilikuwa namkatalia. "Mayo, mama yangu, Sixbert yupo Dar, anakusalimu." Alilia kana kwamba ninamdhihaki. Nilipomwonyesha picha yako alisema, "Huyu ndiye niliyemzika." Nikaacha. Zile salamu za Machi zilikuwa zangu mimi.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukubeba na wewe pia ukilia. Ndiyo hivyo.

Sasa sikiliza. Nimechoka, sikatai. Kuna asubuhi naamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Lakini usiniamulie nani nimuuguze. Hukuniuliza. Nimetoa magunia, nimepaka chokaa chumba, nimesimama juani na siki kama mwendawazimu, na tangi lina maji safi ambayo hayana kiumbe. Nilitupia kipande cha samaki kioze humo kama Lugembe alivyosoma kwenye simu yake, kikanuka, sasa hakinuki. Nadhani ndivyo inavyotakiwa. Nani atanijibu?

Marcelina ameulizia Mwanza. Macho wanapasua huko, na anaweza kukukaribisha kwake kabla na baada. Hapa ni karibu kuliko ulipo.

Njoo. Ila ujue unakuja kwa mama ambaye ameshakulilia akamaliza.

Adelina

Magomeni
15 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Bi Zuwena alisoma, akanipikia chai. Tumekaa.

Nimefikiri muda mrefu namna ya kuingia nyumba ambayo nimeshafanyiwa matanga. Sitamlazimisha. Usimwambie mimi ni nani. Mwambie ni mgeni aliyekuja kutunza samaki. Ni kweli pia.

Kama kipande kimeacha kunuka, umefanya vizuri. Wadudu wadogo wasioonekana wamekaa kwenye mchanga na mawe, hao ndio watakula uchafu wa samaki. Mimi nitakuja na konzi chache za mchanga wa zamani wa tangi la hoteli, ukiwa bado mbichi, tuuchanganye kama chachu.

Nitapanda treni mwanzoni mwa Oktoba. Mpwa wa Bi Zuwena anakwenda Kigoma, atanishika mkono mpaka Tabora. Samaki watakuwa kwenye ndoo yenye kifuniko na pampu ya betri. Sijui kama watafika. Sikuahidi mtu.

Sixbert

Chemchem, Tabora
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Sixbert,

Marcelina, msomee polepole, asije akajifanya amesikia.

Pole kwa upasuaji. Marcelina ameniambia umefanyika salama, bandeji inatolewa leo au kesho, na kwamba unalalamikia uji wa wodini, kwa hiyo najua upo. Mkwe wangu asante. Hapa mvua imeanza, mchwa wanaruka usiku na Lugembe amewakaanga sufuria nzima. Baba mdogo Masolwa ametuma karanga.

Samaki wako anaendelea. Najua bado unamlilia yule dume aliyekufa njiani, treni ilipokaa sana kabla ya stesheni ya Kigwa. Huyu jike alikuwa ananyong'onyea kona moja, nikahisi naye anaaga. Tangu juzi ameanza kuchimba. Anainamisha kichwa, anapiga mkia, mchanga unaruka nyuma yake, na chini ya lile jiwe kubwa ametengeneza kishimo cha kulala. Jiwe halikutikisika. Nilipima unene kwa kidole kupitia kioo, sijauona weusi popote. Chakula nampa kidogo kama ulivyonionyesha. Maji yaliyokauka naongeza ya kunywa, bila chumvi. Sijasahau.

Sasa habari za mama.

Kwa zile wiki ulizokaa hapa, nilikuwa nawaangalia ninyi wawili mkikaa kwenye beseni moja, yeye akikoroga na wewe ukipapasa punje, na moyo ulikuwa unaniuma. Ulikuwa unamwita "mama" kama watu wote wanavyowaita wazee, naye anaitikia kama anavyoitikia watu wote. Siku ile alipokuuliza kwenu ni wapi, nawe ukajibu "Tabora hii hii", niliingia jikoni. Uliondoka kwenda Mwanza bila kumuaga sawasawa, alikuwa amelala, na mimi nilisema afadhali.

Jana mchana alitoka na fimbo yake, akaenda moja kwa moja chumba cha uani. Nikamfuata nikidhani anatafuta choo. Akatazama tangi, akatazama kitanda. Akaniuliza, "Yule mgeni yuko wapi?"

Nikamwambia amekwenda kutibiwa macho Mwanza.

"Atarudi?"

"Atarudi, mayo. Wakimruhusu."

Akakaa kitandani kwako, akaanza kulikunja shuka, akalikunjua, akalitandika tena vizuri, kona kwa kona. Nilitaka kumsaidia akaniondoa mkono. Nilisimama pale mlangoni kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Nilidhani amekwisha kusahau tunachozungumza. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Ana mama?"

Nikasema, "Anaye."

"Yu hai?"

"Yu hai."

Akapangusa shuka kwa kiganja. "Basi mwandikie asikae sana huko," akasema. "Mama yake hatalala."

Nami nimekuandikia.

Dada yako,
Adelina